Kumwambia Onton

Eliezer Bisimwa hakuhamia Buffalo kwa kupenda baridi. Hakuna anayehamia Buffalo kwa kupenda baridi. Anayekuambia hivyo ana nyumba ya kukuuzia. Alihama kwa sababu mkewe alifia Louisville, na baada ya mazishi kila kitu cha Louisville kikawa kinamchoma moyo: ghala alikokuwa akipakia maboksi, kanisa lao lenye kwaya ya kelele, hata kituo cha basi. Binti yake Jolie alikuwa amenunua nyumba mtaa wa Black Rock, nyumba kuukuu karibu na reli. Akampigia simu: "Papa, kuya tu. Chumba iko, na mulango unafunga." Akaenda.

Nyumba ya jirani ilikuwa ya mzee aliyeitwa Onton. Mtaa mzima ulimwita Mrusi, naye alikuwa ameshachoka kubisha. Alikuwa Mudmurti, mtu wa kabila dogo linalokaa kwenye misitu ya upande wa magharibi wa milima ya Urali. Ni kweli nchi ni ya Urusi, lakini lugha ni nyingine kabisa, kama ilivyo Kongo yetu na makabila yake. Mkewe alikwishafariki. Binti yake, Raya, alikaa upande mwingine wa jiji na kuja Jumapili. Nyuma ya nyumba, kati ya uzio na reli, mzee alikuwa na mizinga mitatu ya nyuki.

Eliezer aliusikia mvumo kabla hajaiona mizinga. Kwao Bunyakiri, huko Kongo, alikuwa mfugaji wa nyuki, wa mizinga ya magogo inayoning'inizwa mitini, mpaka vita ilipowang'oa watu na magogo pamoja. Alisimama kwenye uzio, kofia mkononi, kama mtu aliyekuta msiba njiani. Onton alimtazama, kisha akampitishia juu ya uzio kifukizo chake, kile cha kutulizia nyuki kwa moshi. Urafiki wao ulianza hivyo, na mimi sijui njia iliyo bora zaidi.

Kiingereza chao wote wawili kilikuwa cha dukani: asante, kesho, kubwa, ndogo. Kwa nyuki hakikufaa kitu. Basi Eliezer akamwonyesha nyuki aliyetua kwenye kidole chake, akasema, "Nyuki." Onton akacheka, akasema, "Mush." Kiangazi chote wakabadilishana majina kama watoto wanavyobadilishana gololi. Mush ni nyuki. Chechy ni asali. Syus ni nta. Umorto ni mzinga. Yalikuwa majina tu, kwa sababu jina unaweza kulionyesha kwa kidole. Habari za kutoa, kuacha, kungoja na kuogopa hazionyeshwi kwa kidole, wakaziruka. Wangejua!

Siku moja ya Julai Onton alimsimulia kisa kwa mikono. Alilala kwenye majani, akafumba macho na kukunja mikono kifuani: baba yake amekufa. Akainuka, sasa yeye ni kijana, akaenda kwenye mzinga, akaugonga polepole kwa kidole, akainama na kunong'ona. Eliezer aliruka kama aliyeumwa. Kwani hata katika ukoo wao mwenye mizinga akifa, mtoto wake mkubwa huenda kugonga na kuwaambia nyuki kabla maiti haijazikwa. Wasipoambiwa, wanahama. Alijaribu kumweleza Onton kwamba hata kwao ni vilevile, akajilaza naye chini, akafa, akafufuka, akagonga. Jolie aliwaona kutoka dirishani, watu wazima wawili wakifa kwa zamu kwenye majani, akadhani wamelewa.

Septemba kiharusi kilimpiga Onton. Kilichukua mkono wa kulia, kikachukua Kiingereza, na baada ya siku chache kikachukua na Kirusi. Kikamwachia Kiudmurti peke yake, lugha ya mama. Raya alikuwa hajui hata salamu ya lugha hiyo. Baba yake hakumfundisha. Enzi zake aliyeongea lugha hiyo shuleni alichekwa, akaona anamhurumia mtoto. Sasa baba anasema, binti anaitikia kwa kichwa na machozi, na hakuna anayemwelewa mwenzake. Wakampeleka kwenye nyumba ya kutunzia wazee huko North Buffalo, palepale alipokuwa akifanya kazi Jolie. Jolie aliulizia kila mahali, hakupata mtu. Katika jiji lote lile aliyejua walau maneno manne ya mzee yule alikuwa baba yake, Mkongo wa Bunyakiri. Mungu naye ana utani wake, na mwingine hauchekeshi.

Siku ya kwanza Eliezer aliushika mkono mzima wa mzee, akasema, "Mush," akajigonga kifua. Mimi nitawatunza. Onton alimtazama kwa muda mrefu, kisha akafumba macho na uso wake ukalegea. Alikuwa ameelewa. Ilikuwa ahadi, na Eliezer hakuwa mtu wa kuchezea ahadi.

Basi akaitimiza kama alivyojua. Bunyakiri hakuna theluji. Ukikata masega leo, kesho maua yapo, na nyuki wanaanza upya huku wakinung'unika. Asali ukiiacha mzingani, siafu wataila, au wezi, au wanajeshi. Kwao mfugaji anayeacha asali ni mzembe, na wenzake watamsema. Mwisho wa Septemba, siku ya jua zuri, Eliezer alifungua mizinga mitatu ya rafiki yake na kuvuna. Alitoa fremu moja baada ya nyingine, akakamua kila tone, akazirudisha safi. Jolie alisimama mlangoni na sare yake ya kazi.

"Papa, balikuambia utoe yote?"

"Nani ataniambia? Nyuki ni nyuki. Zitafanya ingine."

Akajaza chupa. Nyingine alizipeleka kanisani, na zilizo nzuri kuliko zote akazipanga dirishani kwa Onton. Akamlisha kijiko kimoja. Mzee alionja, akameza. Kisha akaitazama chupa ya kwanza, akaitazama ya pili, akazifuata zote kwa macho mpaka mwisho wa dirisha. Akaanza kusema kwa haraka, akimbana Eliezer mkono kwa nguvu ambayo hakudhaniwa kuwa nayo. Eliezer alisikia mush, akasikia chechy, akacheka kwa furaha. "Chechy! Chechy mingi sana!" Alidhani anashukuriwa. Mzee akaendelea kusema mpaka akachoka, akageukia ukuta.

Kuanzia hapo, kila Eliezer alipofika, swali lilikuwa lilelile. "Mushyos ulep-a?" Neno la mwisho Eliezer hakulijua, lakini jicho la mzee halikuhitaji mkalimani. Nyuki wangu, vipi? Naye huitikia kwa kichwa, "Mush, mush," na kuinua kidole gumba. Theluji ikaanguka Novemba, ikaanguka Desemba. Alipokwenda kuitazama mizinga aliikuta kimya, akajiambia wamelala. Kwani hapa si kila kitu kinalala? Hata miti imelala. Moyoni alikuwa na kijiwe cha wasiwasi, akakifunika kama anavyofunikwa mgonjwa asiyetaka kuonekana. Februari ya mwaka ule, elfu mbili kumi na tano, baridi ilipasua hata mabomba ya maji.

Machi alikuja Khalfan.

Khalfan alikuwa Mtanzania wa Tabora, mwanafunzi wa isimu kwenye chuo kikuu kimoja huko Columbus, na utafiti wake ulikuwa juu ya asili ya maneno ya ufugaji nyuki katika Kiudmurti. Ukimuuliza imekuwaje, alikuwa akijibu kwamba babu yake alikuwa mrina asali kule Sikonge, na kwamba profesa wake alikuwa na nafasi moja tu iliyobaki. Lugha aliisomea vitabuni na kwenye kanda; Mudmurti mzima, mwenye mwili na kikohozi, hakuwahi kumwona. Kisha kwenye harusi huko Louisville akaketi karibu na Bulonza, mpwa wa Eliezer, na Bulonza akamchekesha kwa habari ya mjomba wake anayeongea lugha ya ajabu na Mrusi mgonjwa. "Lugha gani?" Khalfan akauliza, na sahani ikamtoka mkononi. Habari kwa Waswahili haina breki.

"Shikamoo, mzee," alisema mlangoni.

"Jambo, jambo, mwana. Ingia, baridi itakuua." Eliezer hakuwa na desturi ya marahaba, lakini alijua heshima akiiona.

Jolie aliwapa bugali na sombe, ugali na kisamvu cha kwao. Khalfan akala huku anaongea, macho yakimwaka. Mush, alisema, ni neno la kale sana. Wataalamu wanasema mababu wa Waudmurti, maelfu ya miaka nyuma, walilipata kwa majirani zao wa nyika, watu wenye lugha za ukoo mmoja na Kiajemi na Kihindi. Umorto wanalo Watatari pia, na wasomi wanabishana nani alimwazima nani. Chechy nalo lina mabishano yake.

"Na linaloniuma ni hili," alisema. "Asali hawakuiita chechy zamani. Walikuwa na neno jingine, mu. Ndugu zao Wakomi mpaka leo wanasema ma. Kwa Waudmurti likafa. Limebaki ndani ya jina la pombe ya asali tu, musur. Wanalinywa bila kujua."

"Pole yao," alisema Eliezer.

"Pole yetu pia, mzee. Wewe unasema nyuki. Ndugu zetu Wanyarwanda asali wanaiita ubuki. Unasikia undugu? Sisi Waswahili tulikuwa na neno la namna hiyo. Akaja Mwarabu na asali yake, tukaliacha letu."

Eliezer alitafuna kwanza. "Donc, basi, neno inakufa na watu banaendelea kukula asali."

"Ndivyo."

"Ni mubaya, hiyo."

Jolie, aliyekuwa anafunga viatu vya kazi, aliinua kichwa. "Papa, fanyeni mbio. Muzee hakuli tena. Infirmière mwenye kumupatia dawa anasema ni siku kidogo tu. Na kila mutu akiingia anamuuliza ile swali yake."

Khalfan aliomba kwanza aione mizinga, apige picha moja ya kuweka kwenye utafiti. Wakatoka nyuma, viatu vikizama kwenye theluji iliyooza. Eliezer aligonga mzinga wa kwanza kwa kidole, akaweka sikio. Akagonga wa pili. Akagonga wa tatu kwa ngumi. Khalfan akashusha simu yake.

Eliezer akaifungua yote mitatu. Nyuki walikuwa wamekufa wakiwa wameshikana, fungu dogo kama ngumi ya mtoto, kila mmoja ameingiza kichwa ndani ya tundu la sega, mikia nje. Walikuwa wamelamba mpaka nta. Hakuhitaji kitabu. Mtu aliyekaa kambi ya wakimbizi anaijua njaa hata akiikuta kwa mdudu. Akakumbuka siku ya jua, fremu safi, majigambo yake mbele ya binti. Akakumbuka chupa zilizopangwa dirishani na mzee akizihesabu kwa macho. Akaketi kwenye theluji.

"Mzee, inuka, utaugua," alisema Khalfan.

"Miye njo nilibaua, miye mwenyewe."

"Hukujua."

"Alikuwa ananiambia. Siku ya asali alikuwa ananiambia, na miye nilikuwa ninacheka." Alilia waziwazi, bila kujifuta. Alimlilia Onton, akawalilia nyuki, na sidhani kama mkewe aliyelala Louisville alikosekana kwenye kilio hicho.

Khalfan akafanya jambo ambalo baadaye lilimwaibisha. "Labda usimwambie leo," alisema polepole. "Akisikia, atanyamaza kabisa. Nipe saa moja nirekodi maneno yake. Nikishamaliza mimi, ndipo umwambie."

"Donc muzee akufe bila habari yake sababu ya simu yako?"

Khalfan aliinamisha kichwa. "Nisamehe, baba. Nimesema vibaya."

"Kwetu mwenye mizinga akikufa, nyuki zinaambiwa. Kwao vilevile. Lakini nyuki zikitangulia, nani anajua namna ya kuambia mwenyewe? Hata babu hakunifundisha ile." Aliinuka, suruali imelowa. "Ni yangu kusema. Nipe neno."

Khalfan akampa. "Anachokuuliza kila siku ni kama wako hai. Hai ni ulep. Wamekufa, sema kulem."

"Kulem," alisema Eliezer. Njia nzima ya kwenda North Buffalo, kwenye gari la Jolie, alilirudia midomoni, kulem, kulem, kama mtoto aliyetumwa dukani akiogopa kusahau.

Chumba kilikuwa na joto la kupita kiasi na harufu ya dawa ya kusafishia. Onton alikuwa amepungua, shuka limelala juu yake kama halina mtu. Chupa zilikuwa bado dirishani, zimeganda, hakuna aliyezigusa. Khalfan alimsalimu kwa Kiudmurti, polepole, kwa lafudhi ya vitabuni. Mzee aligutuka. Tangu Septemba hakuwa amesikia salamu ya kwao. Machozi yalimtiririka hadi masikioni, akajibu. Khalfan aliisahau simu mfukoni.

Lakini macho ya mzee hayakukaa kwa mgeni. Yalimtafuta Eliezer, yakampata.

"Mushyos ulep-a?"

Eliezer alipiga magoti kando ya kitanda. Neno alikuwa nalo. Lilikuwa limejaa mdomoni, tayari. Akamtazama mzee, ule uso uliobaki mfupa na swali, na ujasiri wote aliotoka nao Black Rock ukamwishia. Tusimcheke. Ni nani kati yetu angeweza?

"Ulep," alisema.

Onton alivuta pumzi ndefu. Kisha akaanza kusema, sauti ndogo, kwa mapumziko, na Khalfan akainama kusikiliza. Alisikiliza mpaka mwisho, lakini hakutafsiri. Alisimama tu, ameshika chuma cha kitanda.

"Anasema nini?"

"Mzee..."

"Sema, mwana."

"Anakuomba msamaha." Khalfan hakumtazama. "Anasema siku ile ulipomletea asali, aliona umetoa yote. Alikukemea, alikutukana, akaona huelewi. Miezi yote hii amelala hapa akiamini umewaua kwa njaa. Anasema amekuwekea chuki moyoni, na kumbe uliwalisha sukari. Anaomba umsamehe kwa kukudhania vibaya."

Eliezer alilaza paji la uso kwenye ukingo wa godoro, na Khalfan akaendelea.

"Kuna jingine. Anasema kijijini kwao nyuki hawauzwi, hata kwa ndugu. Mtu huwatoa kwa mkono wake angali hai, na anayepokea huweka mikono yake chini ya mkono wa mtoaji. Anasema Raya anaogopa nyuki. Anakupa wewe. Wote."

Mkono mzima wa mzee ulikuwa umeshainuliwa juu ya shuka, kiganja chini. Ungeweza kuona kwamba hautaweza kukaa hewani kwa muda mrefu. Eliezer aliutazama. Kulikuwa bado na nafasi ya lile neno la pili. Jolie alisimama mlangoni na sare yake, hajui kinachoendelea, lakini alimwona baba yake akifumba macho. Kisha akamwona akikinga mikono yote miwili, kwa adabu, kama wapokeavyo watu waliolelewa vizuri, na mkono wa mzee ukashuka juu yake.

Onton akasema neno moja zaidi, fupi, akalala. Hakuuliza tena. Alipumua taratibu, uso umetulia, na kwa mara ya kwanza tangu Septemba alionekana mtu wa kawaida aliyechoka.

Kwenye ukumbi, karibu na mashine ya vinywaji, Khalfan alishindwa kujizuia. "Utamwambia kesho?"

Eliezer alikuwa bado ameikunja mikono mbele yake, kama mtu aliyebeba kitu anachoogopa kukimwaga. Alifikiri. Akatikisa kichwa.

"Nitamwambia nini, mwana? Mwenye nyuki njo miye sasa. Na miye nilishaambiwa."